Watu Wanaishije Kwenye Barafu ya Aktiki?

Mwezi Aprili mwaka 1848, Waingereza 105 walizihama meli zao mbili zilizonaswa na barafu karibu na Kisiwa cha King William, kaskazini kabisa mwa Kanada, wakaanza safari ya miguu kuelekea kusini. Walikuwa wanamaji wa dola iliyotamba katika bahari zote za wakati ule. Walikuwa na bunduki, vyakula vya makopo, vijiko vya fedha, na mashua nzito walizoziburura juu ya barafu. Hakunusurika hata mmoja. Ukiwajumlisha na waliotangulia kufa, akiwemo kiongozi wao Sir John Franklin, msafara ule ulioondoka Uingereza mwaka 1845 uliteketeza watu 129.

Katika kisiwa hicho hicho, miaka hiyo hiyo, familia za Wanetsilik zilikuwa zikiozesha, zikizaa na kulea watoto. Wanetsilik ni tawi la Wainuiti, watu ambao vitabu vyetu vya zamani vya jiografia viliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Hawakuwa na makopo wala injini. Miti haioti kwao, na ubao ulikuwa adimu kiasi kwamba waliweza kuunda sleji, chombo cha kuburuzwa juu ya theluji, kwa samaki: waliwapanga samaki ndani ya ngozi zilizoloweshwa, wakaziviringisha ziwe magogo mawili marefu, wakayaacha yagande kabisa, kisha wakayaunganisha kwa vipande vya mifupa na pembe. Kipupwe kilipokwisha na sleji ikaanza kulegea, waliifungua, samaki wakaliwa.

Baridi ilikuwa moja, giza moja, kisiwa kimoja. Kwa nini hawa waliishi na wale wakafa?

Jibu linalotajwa haraka ni kwamba Wainuiti "wamezoea baridi", kana kwamba walizaliwa na mwili wa namna nyingine. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini naliona linawadhulumu watu hawa. Linageuza akili ya vizazi na vizazi kuwa bahati ya kimaumbile. Mtu huishi Aktiki kwa sababu anajua mambo mengi sana, na kwa sababu ana watu wa kugawana nao anachojua na anachopata. Pale maarifa hayo yalipokatwa, hata wenyeji wa asili waliteseka katika nchi yao wenyewe. Nitajaribu kulifafanua hilo hatua kwa hatua.

Kwanza tuiweke Aktiki mahali pake. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mstari wa nyuzi 66.5 kaskazini, na nchi nane zina ardhi huko: Kanada, Marekani, Urusi, Norway, Sweden, Finland, Iceland, na Denmark kupitia Greenland. Wakazi wake ni takriban milioni nne, na kama mmoja katika kila kumi ni wa jamii za asili. Wala baridi haiko sawa kila mahali. Tromsø, mji wa Norway ulioko nyuzi 69, una wastani wa nyuzijoto chache tu chini ya sifuri mwezi Januari, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unaupitia. Ndiyo maana pia Murmansk ya Urusi, yenye watu wapatao 270,000 na bandari isiyoganda, ndiyo mji mkubwa kuliko yote ndani ya mstari huo. Kwa upande mwingine, kijiji cha Oymyakon huko Siberia kiko kusini ya mstari, lakini mwaka 1933 kilipimwa nyuzi 67.7 chini ya sifuri. Umbali na bahari una uzito wake, sawa na umbali na ncha.

Mwili husaidia, lakini kidogo

Kweli, maelfu ya miaka kwenye baridi yameacha alama katika miili. Wenyeji wengi wa Aktiki wana viwiliwili vipana na miguu na mikono mifupi kwa uwiano, umbo linalopunguza eneo la ngozi linalopotezea joto. Kanuni hiyo hiyo, ikigeuzwa upande wa pili, ndiyo husaidia kueleza urefu wa Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini, ambao miili yao inahitaji kulitoa joto nje. Kwa Wainuiti, mishipa ya damu ya mikononi hufunguka upesi kwenye baridi na kuipasha vidole joto kabla havijaganda. Na mwaka 2015 watafiti waliochunguza jeni za Wainuiti wa Greenland walitangaza kwamba jeni zinazosimamia matumizi ya mafuta mwilini zimebadilika kwao, ili mwili uhimili mlo uliojaa mafuta ya wanyama wa baharini.

Hata hivyo, mvue nguo mtu mwenye jeni hizo zote, umweke nje kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri upepo ukivuma. Atakufa, na hatachelewa sana kuliko mtu wa Mombasa. Asili yetu sote ni ya joto, na jeni hizo peke yake hazimfikishi mtu asubuhi.

Sindano, taa na chusa

Kinachomfikisha asubuhi ni nguo, na nguo za Wainuiti zinastahili kutazamwa kwa makini. Zilishonwa kwa ngozi za renidia wa porini, wanyama wa jamii ya kulungu, waliowindwa mwishoni mwa kiangazi, Agosti na Septemba, manyoya yanapokuwa mapya na mazito kiasi cha kutosha. Kila unywele wa renidia una vijishimo vya hewa ndani yake, na hewa iliyotulia ndiyo kizuizi kikubwa cha joto kutoroka. Mtu alivaa tabaka mbili: ya ndani manyoya yakielekea mwilini, ya nje manyoya yakielekea upepo. Katikati kukabaki hewa. Vazi lilikuwa pana, lisilobana, na shingoni palifunguliwa mtu anapofanya kazi ngumu ili mvuke utoke. Hapo ndipo penye siri kubwa, kwa sababu adui wa kwanza wa mtu wa Aktiki ni jasho. Nguo ikilowa ndani, itaganda, na mwenye nguo ataganda nayo. Sufu na turubai za wanamaji wa Kiingereza zilinyonya jasho mchana wakiburura mashua, usiku zikawa barafu mwilini mwao.

Ukingo wa kofia ulizungushiwa manyoya ya mnyama wa ukoo wa nyegere, kwa kuwa umande wa pumzi ukiganda juu yake hupukutika kwa kupanguswa tu. Buti za ngozi ya sili, mnyama wa baharini, zilishonwa kwa namna ambayo sindano haikutoboa ngozi mpaka upande wa pili, na uzi ulikuwa kano ya mnyama, ambayo huvimba ikilowa na kuziba tundu lake yenyewe. Mshono mmoja mbovu ungeweza kumkata mwindaji vidole vya miguu. Kwa hiyo mwanamke mshonaji alikuwa nguzo ya uhai wa nyumba, na msichana alianza kufundwa sindano akiwa mdogo. Mama mwenye mtoto alivaa koti la aina yake, liitwalo amauti, lenye mfuko mgongoni. Mtoto hakai nje ya nguo kama anavyokaa kwenye mbeleko zetu. Hukaa ndani ya koti, kifua chake kikigusa mgongo wa mama, wakichangia joto moja.

Kuhusu makazi, picha ya iglu imetuzoesha vibaya. Wengi hudhani kila Mwinuiti aliishi ndani ya nyumba ya theluji. Ukweli ni kwamba nyumba za theluji zilikuwa makazi ya kipupwe kizima hasa katika Aktiki ya kati ya Kanada, na kaskazini-magharibi mwa Greenland. Kwingineko watu walijenga nyumba za mawe na udongo wenye majani, zikiezekwa juu ya mbavu za nyangumi, na kiangazi wote walihamia kwenye mahema ya ngozi.

Lakini iglu yenyewe ni kazi ya ufundi mkubwa. Si theluji yoyote inayofaa. Fundi hutafuta iliyoshindiliwa na upepo, akaichomachoma kwa kijiti kirefu kuhakikisha haina matabaka, kisha huikata matofali kwa kisu kirefu na kuyapanga kwa mzunguko unaopanda ukielekea ndani mpaka ukutane juu. Mlango huwekwa chini na kitanda cha theluji huinuliwa juu yake. Hewa ya moto hupanda, ya baridi hushuka na kutokea mlangoni, hivyo watu hulala penye joto. Ndani huwashwa taa iitwayo qulliq, bakuli la nusu mwezi lililochongwa kwa jiwe la sabuni, jamii ya mawe yale yanayochongwa Tabaka huko Kisii. Hutiwa shahamu ya sili, na utambi wake ni sufi ya mimea ya tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti. Kwa taa hiyo watu walipata mwanga, walipika, waliyeyusha barafu ya kunywa na kukausha buti. Nje nyuzi 40 chini ya sifuri, ndani joto huweza kupanda hadi kuizidi sifuri. Kulea moto huo usizimike wala usitoe moshi ilikuwa kazi ya mwanamke, na si kazi nyepesi.

Shahamu hiyo inatuleta kwenye chakula. Mahali pasipo na shamba wala mti wa matunda, mtu angetarajia kila mmoja augue kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C uliowamaliza mabaharia wengi wa Ulaya. Wainuiti hawakuugua. Vitamini hiyo walikuwa wakiila katika ngozi ya nyangumi na ini la sili, na waliila ikiwa mbichi, au imegandishwa tu, kwa kuwa moto mwingi huiharibu. Wageni waliwacheka kwa kula nyama mbichi huku wao fizi zikiwatoka damu. Walijua vilevile kwamba nyama kavu isiyo na mafuta haimtoshi mtu, kwamba anaweza kushiba sungura kila siku na bado akadhoofika. Na walijua ini la dubu mweupe haliliwi, kwa maana lina vitamini A nyingi kiasi cha kuwa sumu.

Sili hupumua hewa kama sisi. Chini ya barafu ya bahari hukwangua matundu kadhaa na kuyalinda yasizibe. Mwindaji hutafuta tundu lililofunikwa na theluji, mara nyingi kwa pua ya mbwa wake, kisha husimama pale na chusa mkononi, ameinama, bila kusogeza mguu, saa baada ya saa. Mmoja hawezi kuyalinda matundu yote, kwa hiyo wawindaji wengi walitapakaa, kila mmoja na tundu lake, na sili akitokea kwa mmoja hugawiwa wote. Kwa Wanetsilik mgawo haukuachiwa ukarimu wa mtu. Kila kiungo cha sili kilikuwa na mwenzi maalumu anayestahili kukipokea, uhusiano uliopangwa tangu utotoni na kudumu maisha yote. Kwa utaratibu huo, aliyekosa mwezi mzima hakulala njaa, na aliyepata leo alijua kesho yake iko mikononi mwa wenzake.

Niwatendee haki wanamaji wa Franklin. Pwani ile ya kaskazini-magharibi mwa kisiwa ni maskini wa wanyama, na hakuna mwindaji ambaye angeweza kulisha watu 105 waliotua mahali pamoja kwa ghafla. Wanetsilik wenyewe hawakukaa wengi kiasi hicho pale. Kujua ni watu wangapi wanaoweza kukaa wapi, na mwezi gani, nayo ni sehemu ya elimu ile. Kinachouma ni kwamba habari za kifo chao zilipoletwa London mwaka 1854 na daktari John Rae, ambaye alizipata kutoka kwa Wainuiti waliosema wenzao walikuta miili na dalili kwamba waliokuwa hai walikula wafu, Wainuiti waliitwa waongo hadharani na Rae akatengwa. Mabaki yaliyochunguzwa baadaye yamethibitisha walichosema. Meli zenyewe zilipatikana chini ya bahari mwaka 2014 na 2016, na kumbukumbu za mdomo za Wainuiti zilisaidia kuonyesha pa kutafuta.

Yuko mzungu mmoja aliyekuja kisiwani hapo kujifunza. Roald Amundsen wa Norway alitia nanga mwaka 1903 na wenzake sita katika meli ndogo iitwayo Gjøa, wakakaa vipupwe viwili. Alibadilishana bidhaa na Wanetsilik ili apate nguo za manyoya, akaivaa kama walivyomwelekeza, akajifunza kujenga iglu na kuendesha mbwa kwenye baridi kali. Tarehe 14 Desemba 1911 alifika Ncha ya Kusini na wenzake wanne, na wote wakarudi salama. Robert Falcon Scott wa Uingereza, aliyetegemea farasi wadogo, magari na hatimaye mabega ya watu kuburura sleji, alifika tarehe 17 Januari 1912. Yeye na wenzake wanne walikufa njiani wakirudi. Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri miaka mingi na Robert Peary kaskazini mwa Greenland, naye alijifunza lugha ya Wainuiti na kuimudu, akawa fundi wa sleji na mbwa kuliko mgeni mwingine yeyote wa msafara wao. Ule mjadala wa kama kweli walifika Ncha ya Kaskazini mwaka 1909 haujaisha, lakini ustadi wa Henson haujawahi kubishaniwa.

Wafugaji, miji na saa zisizo na jua

Sili na nyangumi si njia pekee. Wanenets wa rasi ya Yamal, Siberia, ni wafugaji. Hufuata makundi ya renidia mamia ya kilomita kwenda kaskazini kiangazi na kurudi kusini kipupwe, wakilala kwenye mahema ya miti na ngozi ambayo familia huyakunja na kuyapakia kwenye sleji. Renidia huwapa nyama, nguo, nyumba na usafiri. Chakula chake cha kipupwe ni kuvumwani, ule utando uotao juu ya ardhi na mawe, ambao huufukua kwa kwato chini ya theluji. Mfugaji yeyote wa kwetu angeelewa hesabu zao haraka: malisho, njia za kuhama, na nani kazuia njia. Yamal ina hazina kubwa mno ya gesi asilia, na mabomba na reli ya gesi sasa vinakatiza njia za mifugo.

Wakazi wengi wa Aktiki leo, hata hivyo, wanaishi mijini na vijijini kwenye umeme, shule na maduka. Tatizo la kwanza la mjenzi ni ardhi. Chini ya tabaka jembamba linaloyeyuka kiangazi, udongo umeganda mwaka mzima, wakati mwingine kwa kina cha mamia ya mita. Ukijenga nyumba chini moja kwa moja, joto lake litayeyusha ardhi iliyoibeba na nyumba itazama upande. Kwa hiyo majengo huinuliwa juu ya nguzo ili upepo wa baridi upite chini yake na kuilinda barafu isiyeyuke. Mabomba hayazikwi. Huko Inuvik, Kanada, maji safi na maji taka hupita ndani ya masanduku marefu yenye joto yanayokatiza mji juu ya ardhi. Katika vijiji vingi vya Nunavut, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Kanada, hakuna hata hayo, bali lori huleta maji kwenye tangi la nyumba na lori lingine huja kunyonya maji taka. Nunavut ina makazi 25 na watu karibu 37,000 kwa sensa ya mwaka 2021, katika eneo linalozidi Tanzania na Kenya zikiunganishwa, na hakuna barabara inayounganisha kijiji na kijiji. Bidhaa nzito huja kwa meli katika miezi michache bahari inapofunguka, na nyingine zote huja kwa ndege. Bei za dukani hupanda ipasavyo, na ndiyo sababu nyama ya sili bado ni chakula cha lazima kwa familia nyingi.

Kisha kuna giza. Dunia imeinama nyuzi 23.5, hivyo kipupwe kinapoingia ncha ya kaskazini huwa imelipa jua kisogo. Utqiagvik, Alaska, jua huzama katikati ya Novemba na halichomozi tena kwa siku kama 65. Adhuhuri huwa na mwanga hafifu wa bluu kwa saa chache, basi. Kiangazi mambo hugeuka, jua huzunguka angani usiku na mchana bila kutua. Sisi tulio jirani na ikweta tumejenga hata hesabu ya saa juu ya jua: saa moja asubuhi ni saa moja baada ya mapambazuko, Januari hadi Desemba. Huko kaskazini kalenda ya kazi na shule ndiyo inayomwambia mtu kumekucha. Watu hujilazimisha kutoka nje kila siku, huwasha taa kali asubuhi, na kiangazi hufunga mapazia mazito ili watoto walale. Ngozi bila jua haitengenezi vitamini D. Wenyeji huipata kwa samaki na wanyama wa baharini, na Wanorwe wana desturi ya kunywa mafuta ya ini la chewa miezi ya giza. Kwa mtu mweusi aliyehamia huko, ambaye ngozi yake inahitaji jua zaidi, jambo hili si la hiari, na madaktari huwahimiza wahamiaji kulizingatia.

Wapo wahamiaji hao, tena wengi kuliko tunavyodhani. Tromsø ina Wasomali wengi na msikiti. Inuvik ilipata msikiti wake mwaka 2010: jengo zima lilitengenezwa Winnipeg, likasafirishwa kama kilomita 4,000 kwa lori na kisha kwa tishari kwenye Mto Mackenzie. Iqaluit, makao makuu ya Nunavut, ilifungua wake mwaka 2016. Ramadhani ikiangukia Juni, Tromsø na Inuvik magharibi haiji. Ikiangukia Desemba, jua halichomozi. Wanazuoni waliorejea hadithi inayozungumzia siku itakayokuwa na urefu wa mwaka, ambapo Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza masahaba wakadirie nyakati za swala, wameruhusu makadirio. Basi Tromsø wengi hufuata saa za Makka, na Inuvik wakafuata saa za Edmonton iliyoko kusini yao. Daku na futari huliwa jua likiwa linawaka dirishani. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kukabiliana na ncha kunavyoendelea hadi leo, kwa watu waliotoka kwenye jua kama letu.

Antaktika ni habari nyingine kabisa. Huko hakuna wenyeji. Tangu mkataba uliotiwa saini mwaka 1959 bara lile limetengwa kwa ajili ya amani na sayansi, na wanaokaa ni watafiti na mafundi, elfu kadhaa kiangazi na kama elfu moja kipupwe, wakiletewa kila tonge kutoka nje. Kituo cha Vostok kiliwahi kupima nyuzi 89.2 chini ya sifuri tarehe 21 Julai 1983. Mwaka 1961 daktari Leonid Rogozov wa Usovieti, akiwa daktari pekee kituoni kwake na ndege haiwezi kuja, alijipasua mwenyewe akatoa kidole tumbo chake. Ujasiri huo ni wa ajabu. Lakini Antaktika mtu hukaa kwa muda kisha hurudi kwao, na hatujui bado jamii inayoweza kuzeeka pale kwa kutegemea mazingira yenyewe.

Pale elimu ilipokatwa

Mwaka 1953 na 1955 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuiti kutoka Inukjuak, Quebec, hadi Resolute na Grise Fiord, umbali wa kama kilomita 2,000 kaskazini. Waliahidiwa wanyama tele. Walikuwa Wainuiti, walikuwa na jeni zilezile tulizozitaja, na serikali ilidhani hiyo inatosha. Walifika mahali wasipoijua barafu yake, wala njia za wanyama wake, wala giza la miezi mitatu ambalo kwao halikuwepo. Waliteseka vibaya miaka ya mwanzo kabla hawajaisoma nchi ile upya. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Sidhani kuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huu kwamba kuishi Aktiki ni elimu ya mahali maalumu.

Mahali pengine elimu ilikatwa kwa njia tofauti. Watoto walipelekwa shule za bweni walikokatazwa lugha yao, hivyo hawakuwepo nyumbani miaka ile ya kufundwa chusa na sindano. Mbwa wa sleji waliuawa kwa wingi kati ya miaka ya 1950 na 1970 katika eneo la Qikiqtani huko Nunavut, na mwindaji asiye na mbwa akabaki kijijini kungoja msaada. Kanada iliomba radhi kwa hilo pia, mwaka 2019. Kifua kikuu, msongamano wa nyumba na vijana kujiua, mambo yanayoumiza Nunavut hadi sasa, hayakuletwa na baridi.

Juu ya hayo, barafu yenyewe inabadilika. Tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Bahari inachelewa kuganda na inawahi kufunguka, na barafu ambayo baba alivuka kwa miaka mingi inaweza kumzamisha mwana. Huko Yamal, Novemba 2013, mvua ilinyesha juu ya theluji kisha ikaganda kuwa ganda gumu. Renidia hawakuweza kufukua kuvumwani, na wapatao 61,000 walikufa njaa. Mwaka 2016, kiangazi cha joto kisicho cha kawaida kiliyeyusha ardhi na kimeta kikalipuka kutoka udongoni. Renidia zaidi ya 2,000 walikufa, na mtoto mmoja wa miaka 12. Miji iliyosimama juu ya nguzo inaanza kupasuka kuta.

Katika hali hiyo ni rahisi kusema elimu ya wazee imepitwa na wakati. Kisa cha nyangumi wa Alaska kinanifanya nikatae. Mwaka 1977 tume ya kimataifa ya nyangumi iliwapiga marufuku Wainupiat, jamaa za Wainuiti wa huko Alaska, kuwinda nyangumi wa kichwa upinde, kwa hoja kwamba wamebaki wachache mno. Wanasayansi walikuwa wakiwahesabu kutoka ukingoni mwa barafu, wanapopita kwenye maji yaliyo wazi. Wawindaji walipinga. Walisema nyangumi hao hupita pia chini ya barafu na kuipasua kwa vichwa vyao ili wapumue, na wengine hupita mbali na ukingo, kwa hiyo hesabu ile inaacha wengi. Waliunda tume yao mwaka huo huo na kudai hesabu irudiwe. Vinasa sauti vilipozamishwa baharini miaka ya 1980, na ndege zikatumika, ikaonekana wawindaji walikuwa sahihi. Leo nyangumi hao wanakadiriwa kuzidi 10,000, na uwindaji unaendelea kwa mgawo uliokubaliwa.

Elimu ile inaendelea kupokea vifaa vipya, kama ilivyopokea bunduki na pikipiki za theluji. Mradi wa SmartICE, ulioanzia Nain kwenye pwani ya Labrador, hutumia kipimo kinachoburutwa kwenye sleji nyuma ya pikipiki kusoma unene wa barafu, na vijana wa Kiinuiti wanaoajiriwa hukaa na wazee kuchora ramani za njia salama na sehemu za hatari. Arctic Bay, kaskazini mwa Nunavut, kuna walinzi wanaolipwa mshahara chini ya makubaliano ya hifadhi ya bahari ya Tallurutiup Imanga yaliyotiwa saini mwaka 2019. Kazi yao ni kutazama barafu na wanyama, kuwapeleka vijana nje kujifunza, na kuwinda nyama inayogawiwa kijijini.